Hutaki Kutopokea

11 Januari

Mdogo wangu, Bwana Tai,

Sisi hatujambo. Goti la kushoto la Mama limeacha kuuma, sasa linauma la kulia, na yeye anasema afadhali, maana lile la kwanza alikuwa amelichoka. Wiki iliyopita ameupaka mlango wa jikoni rangi ya kijani bila kumwambia mtu, na kila aliyeingia alitoka na kiganja cha kijani, pamoja na mkuu wangu wa kazi aliyekuja kuniazima mwavuli. Wifi yangu hajambo? Mwambie soksi alizonitumia zimenitosha. Miguu inayotembea kilomita kumi na moja kwa siku haichagui rangi.

Sasa lililonikalisha mezani. Jana nimegawa bahasha mia nne na kumi na mbili za benki yako. Si zile taarifa za kadi ya mkopo ninazogawa kila mwezi. Hizi ni nyembamba, na kwa nje zimeandikwa kwa wino wa kijani: “Okoa mti! Chagua kupokea taarifa yako mtandaoni. Fomu itafuata.” Tangu lini benki yako inapenda miti? Nimeliona jengo lenu kwenye picha uliyomtumia Mama, halina hata jani. Na wewe mwenyewe ulikata mpera wa jirani ukiwa na miaka tisa ili upate nguzo za goli, ukasema ni upepo.

Mti mimi hauniumizi kichwa. Kinachoniumiza ni hesabu. Mkuu wetu wa tawi la posta, huyo tunayemwita Muhuri kwa sababu hugonga muhuri hata kwenye orodha yake ya sabuni, ametusomea waraka kutoka makao makuu. Tawi litakalopitisha chini ya barua mia tano kwa mwezi, ifikapo mwisho wa Juni linafungwa. Desemba sisi tulipitisha mia sita na arobaini. Kati ya hizo, mia nne na kumi na mbili ni taarifa za kadi zenu. Toa hizo uone kinachobaki.

Nina miaka kumi na tisa kazini. Desemba hii natimiza ishirini, na ishirini ndiyo inayonipa pensheni kamili. Nikiachishwa Juni, napewa nusu na mkono wa kwaheri. Kwa hiyo nakuuliza kama dada yako, si kama mteja mheshimiwa: kampeni hii ni ya nani, na je, inaweza kuuruka mtaa wangu?

Usipige simu. Nimemkataza Mama asipokee. Andika. Kila barua yako ni moja kwenye hesabu ya Muhuri, na kwa ulivyokuwa kimya mwaka jana, tunakudai radhi nyingi.

Dada yako

24 Januari

Dada,

Shikamoo, na unipelekee shikamoo kwa Mama na magoti yake yote mawili. Huku tunashukuru. Tumehamia ghorofa ya saba, kuna lifti yenye kioo, na wifi yako ameanza kujitazama humo mpaka majirani wanalalamika. Anakusalimu.

Nimeicheka barua yako, halafu nimeionea huruma. Dada, karatasi siku hizi ni ya kufungia karanga. Taarifa ya karatasi inatoka kwetu Jumatatu, inakaa kwenye gunia siku sita, inanyeshewa, inafika kwa mteja ikiwa imekunjamana, na kama mteja ni yule muuguzi wa kona, mbwa wake anaisoma kwanza. Ya mtandaoni inafika papo hapo. Herufi ndogo unaikuza. Unatafuta malipo ya miezi saba nyuma kwa kidole kimoja. Huibiwi sandukuni na wala huhitaji droo ya kuhifadhia makaratasi yenye harufu ya mende. Na kuanzia Julai anayetaka karatasi atailipia. Nani mwenye akili atalipia makunyanzi?

Kampeni ni ya kitengo chetu, kitengo cha kadi. Si mimi peke yangu, tuko wengi. Mtaa mmoja hauwezi kurukwa, mfumo hauna shangazi wala mjomba.

Kuhusu tawi lenu, msitishike. Wakubwa wa posta wamekuwa wakitisha watu tangu nikiwa shule ya msingi. Kama litafungwa kweli, wewe ni mtu mzima mwenye nguvu, utapata la kufanya. Nitakutumia simu nzuri ujifunze, haijachelewa.

Mdogo wako

8 Februari

Bwana Tai,

Mama amepokea shikamoo yako na kusema lifti yenye kioo itawaharibia ndoa. Yeye mzima, ameanza na madirisha sasa, kijani kilekile. Jirani wa nyuma amefiwa na mkwewe, nimetoa rambirambi kwa jina lako maana najua ungesahau.

Simu usinitumie. “Utapata la kufanya”! Umeiandika sentensi hiyo ukiwa umekaa kwenye kiti cha kuzunguka, nina hakika, na ulipomaliza ukazunguka.

Unamkumbuka Mwalimu mstaafu, yule wa hesabu, nyumba ya mwisho kabla ya karakana? Huyo husoma taarifa yake kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, kama anasahihisha mtihani wa benki. Miaka minne iliyopita alikuta amekatwa lita arobaini za petroli. Hana gari. Ana baiskeli. Mkamrudishia kwa shingo upande. Mtu wa simu angeliona hilo? Mtu wa simu hufungua, huona jumla, hushtuka, hufunga. Ndicho mnachokitaka, msijikoshe na miti.

Fomu zenu zimefika leo na nimezigawa zote. Nimesoma kisanduku kilicho chini, nakunakilia kama kilivyo: “Tia alama hapa iwapo hutaki kutopokea taarifa zako kwa karatasi.” Na chini yake, kwa herufi za mchwa, kwamba fomu irudi kabla ya tarehe 31 Machi.

Ni nani aliyewaandikia hiki? Mtu huyu anavaa viatu kabla ya suruali. Mnalipa watu mishahara minono waandike Kiswahili cha kukohoa namna hii? Hata hivyo msidhani mmetuweza. Nimekielewa. Kuna “hutaki” na kuna “karatasi”, basi atakayetia alama ndiye asiyetaka karatasi. Mnategemea watu wetu wataona kisanduku na kukimbilia kukitia alama, maana ndivyo walivyofundishwa na kila ofisi. Nitawawahi.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Tuna mafua nyumba nzima, samahani kwa ufupi. Mwambie Mama madirisha ayaache, atateleza kwenye ngazi.

Kuhusu fomu, siruhusiwi kuzungumza na mtu asiye mfanyakazi, tumetia saini. Nitasema moja tu na usiniulize la pili. Isome tena, polepole, ukiwa umekaa. Watu wengi husoma kwa haraka.

Mdogo wako

4 Machi (kwa rejesta)

Bwana Tai,

Poleni na mafua. Mama anasema mchemshe maji mjifukize, mwache vidonge vya rangirangi. Ngazi ameshateleza, hakuumia, ameshukia kwenye ndoo ya rangi.

“Isome tena, polepole, ukiwa umekaa.” Mimi! Miaka kumi na tisa sasa nasoma miandiko ya wagonjwa, ya walevi, ya wapenzi waliolia juu ya anwani, na hakuna barua niliyowahi kuipeleka nyumba isiyo yake. Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma kwa kusinzia, mimi nikikufinya. Usinivishe kilemba cha ukoka, na wala usinivue changu.

Nimefanya hivi. Wiki mbili, kila mlango, nimebisha badala ya kutumbukiza barua na kuondoka. Nikawaambia: ile fomu ya kadi, wekeni saini, lakini kile kisanduku msikiguse. Kiacheni kitupu. Ukitia alama, karatasi kwaheri. Muuguzi alinishukuru, na mbwa wake pia kwa namna yake. Mwalimu alinitazama muda mrefu juu ya miwani, akasema, “Una hakika hivyo ndivyo unavyotaka, dada?” Nikamwambia nina hakika kuliko benki. Akaacha kitupu, akatia saini, akanishika mkono kwa mikono miwili. Mtu wa heshima sana.

Ni fundi viatu tu aliyenichosha. Yeye husoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na alinisimamisha juani akisema kwanza amalize. Nikacheka, nikamwacha na kidole chake. Wako wachache wa namna hiyo.

Mia tatu themanini na tisa wamenipa fomu zao mkononi, visanduku vitupu safi. Nimezibeba mwenyewe kwenye mfuko na Muhuri amezigonga zote kwa furaha ya harusi. Zimetoka leo kuja kwenu pamoja na barua hii. Hii nimeituma kwa rejesta ili ujue kwamba hatulali. Ukiona fomu zetu zinaingia, mheshimiwa, salimu amri.

Dada yako

22 Machi

Bwana Tai,

Mama hajambo. Hujajibu. Hata la kunitukana huna?

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tumepona mafua. Wifi yako amebadilisha mapazia na anawasalimu. Namtumia Mama kitambaa cha meza kwa kifurushi tofauti, asikipake rangi.

Samahani kwa kimya. Barua yako ya tarehe 4 Machi imenifikia juzi. Unaona mambo ya posta? Mwezi na zaidi. Ingekuwa kwa mtandao ningeisoma siku ileile, na pengine tungesaidiana. Imeshapita, hakuna haja ya kulaumiana.

Nimepandishwa cheo, sasa ni mkuu msaidizi wa kitengo. Nilidhani Mama angependa kusikia.

Mdogo wako

17 Aprili

Wewe,

Mama mzima, kitambaa kimefika, amekikunja na kukiweka kabatini bila neno. Salamu zimekwisha.

Nianze na posta, kwa kuwa umeitukana kwangu, mimi. Barua ya rejesta hurudisha risiti kwa aliyeituma. Ninayo hapa. Inasema imepokelewa tarehe 10 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mapokezi ya jengo lenu, na chini yake kuna saini yenye mkia mrefu unaojipinda mara mbili. Mkia huo nilikuona ukiuvumbua ukiwa darasa la sita. Ulikuwa na barua yangu siku ishirini na moja kabla ya tarehe ya mwisho. Ukitaka kudanganya, danganya mtu wa nguo, danganya mtu wa samaki. Usimdanganye mpeleka barua kuhusu barua.

Sasa mfuko wa Aprili. Taarifa za kadi zimekuja ishirini na tatu. Nilidhani gunia jingine limebaki garini, nikaenda kulitafuta, dereva akanicheka. Ishirini na tatu! Jumla ya tawi ni mia mbili hamsini na moja. Muhuri ameacha kugonga, anakaa tu ameshika muhuri.

Nilirudi nyumbani nikaitoa nakala ya fomu niliyokuwa nimeiweka. Nikakaa. Nikasoma polepole kama mheshimiwa alivyoshauri. Bado nikaona kilekile. Mama alikuwa anashona kifungo, akaniambia nimsomee kwa sauti. Nikasoma. Hata sindano hakuisimamisha. Akasema, “Hutaki kutopokea. Si ndiyo unataka kupokea? Anayetaka karatasi ndiye atie alama.” Halafu akanitazama. “Kwani mwanangu hukujua?”

Nilikaa pale kijinga kabisa. Wale ishirini na tatu ndio ambao hawakunisikiliza. Wa kwanza wao ni fundi viatu na kidole chake, niliyemcheka juani. Wengine mia tatu themanini na tisa nimewafungia mlango mimi, kwa mkono wangu, nyumba baada ya nyumba, nikabeba na fomu zenyewe mgongoni. Benki yako haikuhitaji hata kunilipa.

Najidharau, hilo nalisema wazi. Lakini mimi nilikosea kwa kujiona najua. Wewe ulijua nimekosea na ukanyamaza, kisha ukajitia hamnazo. Swali langu ni moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwako jibu bila kuuma maneno. Sentensi ile aliiandika nani?

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua hutaitikia.

Niliiandika mimi.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mwanzoni ilikuwa sentensi nyepesi: unataka karatasi au mtandao. Tukaijaribu kwa watu mia mbili. Zaidi ya nusu hawakujibu kabisa, na wasiojibu walibaki kwenye karatasi. Mkuu wangu akasema swali linaloeleweka ni swali la gharama kubwa, nendeni mkalete linalochosha. Tulikuwa sita mezani. Wenzangu walileta maneno marefu. Mimi nikakumbuka ulivyonifundisha kukanusha kwenye meza ya jikoni, nataka sitaki, kupokea kutopokea, ukinifinya kila nilipokosea, na nikaona nikiweka makanusho mawili pamoja mtu atachoka kabla hajafika mwisho, ataacha kitupu, nasi tutamhamishia mtandaoni. Waliposoma walipiga makofi. Nilifurahi, Dada. Sitakudanganya hata hilo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda shindano la insha.

Cheo walinipa kwa ajili ya sentensi hiyo, na kwa sababu mtaa mmoja ulileta mia tatu themanini na tisa kwa mpigo, kuliko mtaa wowote. Mkuu aliuliza ni mbinu gani niliyotumia huko. Nikasema nina ndugu.

Barua yako nilikuwa nayo mfuko wa kulia wa koti kwa siku ishirini na moja. Simu ilikuwa mfuko wa kushoto. Kila siku nilijiambia kwamba ulinikataza kupiga. Ningeweza kutuma hata neno moja. Nilidhani nikikwambia, utawaambia wote, na watajua imetoka kwangu. Basi. Hakuna zaidi, ni uoga uliovaa tai.

Na wewe nawe, nilikuambia usome tena, ukaona nimekutukana. Hilo nalo liwepo.

Nimefanya jambo. Kwenye kanuni zetu mteja anaweza kubadili ndani ya siku sitini akiandika. Nimechapa kadi mia tatu themanini na tisa kwa wale wote wa mtaa wako. Kadi ya wazi, haina bahasha, ina swali moja: “Unataka taarifa ya kadi yako ya mkopo ije kwa karatasi?” Chini yake NDIYO na HAPANA, azungushie moja. Hakuna kingine. Sikumwomba mtu ruhusa, na jina lililo chini ni langu. Zimetoka leo asubuhi. Zikusanye uzirudishe kwangu kabla ya tarehe 30, nami nitaziingiza mwenyewe.

Karatasi yako utaipata, Dada. Safari hii hakuna wa kuchanganyikiwa.

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Na ile ya Aprili, marahaba pia. Mama anakusalimu, magoti yote mawili yametulia kwa sasa. Wifi amepiga simu na Mama akaipokea, hanisikilizi tena. Amesema wamekuvua cheo na kukuweka ghorofa ya chini, unapokea simu za wateja wanaouliza taarifa zao zimepotelea wapi. Hukuniandikia hilo. Basi na mimi sitakuuliza.

Kadi zako nilizigawa zote, na zile zilizojazwa ulizipata kabla ya tarehe, hesabu unayo. Hata hivyo nataka uisikie kutoka kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyezipokea mkononi moja moja, na zilikuwa wazi, na macho ninayo.

Zilirudi mia tatu sabini na moja. NDIYO, arobaini na sita. HAPANA, mia tatu na ishirini na tano.

Siku ya kwanza nilidhani wamekosea tena, nikamuuliza muuguzi kama amesoma vizuri. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba ndiyo, amesoma, hataki karatasi, mbwa anazitafuna. Siku ya tatu sikuuliza tena. Nilikuwa napokea, nazungushiwa HAPANA mbele ya uso wangu, nasema asante, naweka mfukoni. Nilipita kwenye daraja la mfereji na mfuko mzima. Maji yalikuwa mengi. Mia tatu na ishirini na tano zingeshuka na hakuna ambaye angejua, hata wewe, maana kanuni yenu inasema jibu likipotea njiani mteja hurudishwa kwenye karatasi, na mimi ningesema posta imezipoteza, na ungeamini kwa furaha. Au ningenunua kalamu. Nilisimama pale mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha nikaenda kuzipeleka kwa Muhuri, akazigonga zote, HAPANA zote, moja baada ya nyingine.

Mwalimu alinipa yake mwisho. HAPANA, kwa wino mwekundu, duara safi. Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, “Mwalimu, hata wewe? Na kusahihisha kote kule?”

Akanivutia kiti. Akasema, “Dada, mimi tangu mwaka juzi nasoma kwenye simu. Macho yangu yanataka herufi kubwa.”

“Sasa karatasi ulikuwa unazipokea za nini?”

“Ili upite.”

Sikuelewa. Akasema si yeye peke yake. Muuguzi, mshona magodoro, wale ndugu wawili wa karakana, wote wameshahamia simu siku nyingi, na kila mmoja alikuwa ameacha karatasi iendelee kuja kwa sababu ilikuwa inakuja na mimi. Walikubaliana hivyo bila hata kuitisha kikao.

“Ile fomu ya Februari,” akasema, “mimi niliielewa. Nilifundisha watoto miaka thelathini, kanusho mara mbili halinipi shida. Ulipokuja kutuambia tuache kitupu, nikakuuliza kama una hakika. Ukasema una hakika kuliko benki. Nikajua umechoka na mizigo na unatuomba tukuachie upumzike. Tulisikitika. Ila tulifurahi kwa ajili yako.”

“Na sasa? Mbona hukusema ndiyo?”

“Sasa nimeulizwa wazi kama nataka karatasi. Siitaki, dada. Ningeandika nini?”

Nilitia kadi yake mfukoni nikasema asante tu, mdogo wangu. Mimi, mwenye ulimi huu.

Nimekudharau miezi sita kwa kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikakudharau kwa tai, kwa lifti, kwa miti. Bado nakudharau kidogo, usianze kufurahi. Lakini wewe uliwadanganya watu waliokwisha kuhama, na mimi nilikuwa napigania kitu walichokuwa wananihurumia nacho. Nimewapitia miaka yote hiyo nikiwa na kifua mbele, nikidhani mimi ndiye ninayewafadhili. Mara ngapi walinifungulia mlango wakiwa wameshaisoma taarifa siku sita kabla, wakaipokea kwa mikono miwili na kusema, “Ahaa, imefika”? Naona haya mpaka kwenye nyayo.

Mia mbili tisini na saba, ndiyo jumla yetu pamoja na wale arobaini na sita. Waraka umekuja jana. Tawi linafungwa tarehe 30, sanduku la barua la ukutani litang'olewa, na mimi napewa nusu yangu. Muhuri ameomba aruhusiwe kubaki na muhuri wake, wamemkatalia. Nimeambiwa wanaotaka huduma ya barua waende tawi la mjini, saa mbili kwa basi. Hakuna atakayekwenda. Ningekuwa mimi nisingekwenda.

Njoo umwone Mama. Usije na zawadi, usije na maelezo. Hii naigonga mwenyewe kabla sijakabidhi mfuko. Usinijibu kwa barua. Hakuna wa kuileta.

Dada yako